Nani Atapokea Mbuzi

Mke wangu husema kiti changu kina miiba. Hakosei sana. Nikikaa mezani nyumbani Butembo, akili yangu iko tayari kwenye barabara ya Beni. Nikifika Beni naanza kuulizia gari la kurudi. Nimekuwa wakili, nikawa msaidizi wa bourgmestre, yaani mkuu wa komini, sehemu ya mji, nikawa mbunge wa jimbo, na katika kazi zote hizo sikumbuki siku niliyomaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Watu wakiniona nahangaika hivyo wanasema, huyu ana bidii. Nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba dada yangu aliniuliza swali, nikashindwa kumjibu, na tangu hapo sijakaa mahali nikatulia.

Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Mama yetu alikufa mapema kule Kipese, nami nikakulia mgongoni mwa dada, akiwa anapanda viazi kwenye miteremko ile ambako ukungu hauondoki mpaka jua limepanda sana. Mimi nilisoma, yeye alilima. Hakuna aliyetuuliza nani anataka nini. Ndivyo ilivyopangwa, na alipoolewa akaenda kuishi Mbau kwenye joto, mbali na vitunguu na baridi ya kwetu, nilimfuata kila likizo.

Mume wake alikuwa na shamba la kakao. Mtu mpole, mwenye mikono mikubwa kupita kiasi, na mzaha mwingi kwa mtu asiyecheka. Ndiye aliyenifundisha kupasua ganda la kakao kwa panga bila kujikata kidole. Siku niliyokula kiapo cha uwakili alikuja na koti la kuazima lililombana mabegani, akasimama uani pa mahakama akawaambia watu asiowajua kwamba yule kijana mwenye joho jeusi ni shemeki yake, yaani shemeji, na kwamba kuanzia leo hakuna mtu atakayemchezea yeye. Niliona aibu, kisha nikafurahi, na hadi leo nikivaa joho lile nakumbuka jinsi alivyojivuna.

Halafu wakaja watu wa porini, wale wauaji wanaojificha msituni. Sitaeleza sana, anayeishi upande wetu anajua, na asiyeishi huku amekwisha sikia kwenye redio. Ilikuwa msimu wa mavuno. Shemeji alikuwa shambani pamoja na majirani. Wengine walipatikana wamekufa, wakazikwa. Yeye hakuonekana, wala akiwa hai wala akiwa maiti. Panga lake tu ndilo lilibaki chini ya mti, karibu na lundo la maganda.

Dada akakimbia na watoto, akafika Beni, akapata chumba katika komini ya Beu, kwenye nyumba ya mbao yenye ua mdogo. Nilimkuta hapo amekaa kwenye kigogo, hana kilio, hana kitambaa cha matanga kichwani. Niliuliza kwa nini hakuna watu waliokaa naye, maana kwetu nyumba yenye msiba haiachwi tupu. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mkaidi.

“Weye njo unajuaka sheria,” akasema. “Unambie tu. Mi niko muke ya mutu, ao niko mujane?”

Nilijibu kama wakili. Nilimwambia kwamba kisheria mtu asiyeonekana anahesabiwa kuwa ametoweka, na kwamba kuna muda, na kuna taratibu. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa, akaingia ndani kunipikia.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mambo mengine hayataeleweka. Kwa familia yetu na ya shemeji, kifo cha mtu ambaye maiti yake haikuonekana hakitamkwi hivi hivi. Wa kwanza kusema “amekufa” ndiye anayebeba maneno hayo. Mtu yule akirudi siku moja, ni kana kwamba ulimzika akiwa anatembea, na uso utauweka wapi? Kwa hiyo kila mmoja humsubiri mwenzake. Wanasema “hayuko”, wanasema “alibaki kule”, wanazunguka neno lenyewe pande zote. Na mpaka mtu aliseme neno hilo, hakuna matanga, hakuna kunyoa nywele, hakuna kulia kwa sauti. Mjane hukaa tu.

Mimi nikaona huo ni upuuzi. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na vitabu vya sheria, mchanganyiko mbaya. Nikapeleka kesi mahakamani, nikaleta mashahidi waliookoka siku ile ya mavuno, nikaomba korti itangaze kwamba shemeji amefariki, ili watoto wawe na haki zao na shamba lisije likaliwa na watu wenye meno marefu. Nilishinda. Nilipanda pikipiki kutoka mahakamani mpaka Beu nikiwa na hukumu ndani ya bahasha, nikifikiri nimemletea dada jibu.

Pale uani nilimkuta kaka mkubwa wa shemeji. Ni katekista katika parokia moja ya Beni, mzee mfupi, mkali kwa watoto wa komunyo, mwoga kwa kila kitu kingine. Nilipoeleza nilichobeba alisimama polepole, akachukua kofia yake.

“Maître,” akaniambia, kama mawakili wanavyoitwa kwetu, “batu ba pori balimukamata tu. Weye njo umemuua.”

Akatoka. Kuanzia siku hiyo familia yake haikunisalimia, na nikipita mbele ya parokia walikuwa wanaangalia angani. Nilikasirika, na sijui kama hasira ile imeisha mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri. Lakini dada ndiye aliyenimaliza. Aliniwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mbele yangu, akaniuliza, bila ubaya wowote, “Na kule ku tribunal, nani alilia?”

Nikamwambia hakuna aliyelia. Mwandishi wa mahakama alipiga muhuri, tukaitwa kwa kesi nyingine, ya mpaka wa kiwanja.

“Basi,” akasema dada, na akasukuma sahani karibu nami.

Watu wengi wameniuliza kwa nini niliacha ofisi iliyokuwa imeanza kupata wateja nikaingia siasa. Kwenye kampeni nilikuwa na majibu mazuri, kuhusu barabara na vijana. Jibu la kweli ni fupi. Nilidhani wakili hana nguvu, ndiyo maana hawezi kujua mtu mmoja aliyechukuliwa Mbau yuko wapi. Nikasema moyoni, nikiwa mkubwa nitauliza wakubwa, nao watanijibu. Basi nilipoitwa kuwa msaidizi wa bourgmestre katika komini moja ya Butembo, nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Niliuliza wakubwa. Kila mkutano wa usalama nilipata sababu ya kusimama. Makomanda waliotoka majimbo ya mbali, wanaozungumza Lingala na kukuita “mwana mboka”, mtoto wa nchi, huku wanatazama saa, waliandika swali langu, wakasema watafuatilia. Muda wote uliobaki nilishughulikia takataka za soko, mifereji iliyoziba, ugomvi wa viwanja, na salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, ambayo kila mtu anataka ifanywe na jirani yake. Siku za ville morte, maduka yakifungwa na vijana wakichoma matairi kwa sababu watu wameuawa tena upande wa Beni, nilitumwa kuwaomba wafungue njia. Walikuwa wananiuliza kama mimi sina ndugu kule. Nilikuwa nameza maneno. Ningewaambia nini? Kwamba ninaye, na kwamba nimevaa tai kwa ajili yake?

Kilichonifanya nisilale hata mchana ni mateka waliorudi. Mara kwa mara jeshi lilitangaza kwamba watu kadhaa wametoka msituni, wakaletwa Beni, wamekonda, wengine wamesahau majina ya watoto wao. Dada alikuwa akisikia hivyo anachukua shati safi la mumewe, analikunja ndani ya kitenge, anakwenda kusimama kwenye lango la kambi walikoletwa. Ananipigia simu. Nami naacha chochote nilichokuwa nafanya, napanda gari, nafika nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, nakuta tayari amekwisha tazama nyuso zote na shati limerudi ndani ya kitenge. Tulikuwa tunarudi Beu kwa miguu. Jumapili alikuwa anamwombea mumewe misa. Padri alipomuuliza aiandike misa hiyo kwa marehemu au kwa wagonjwa, alisema aandike kwa walio safarini.

Uchaguzi ulipokuja niligombea ubunge wa jimbo, tena kutokea Beni. Mke wangu alisema sasa nimechanganyikiwa kabisa, mtu wa Butembo kwenda kuomba kura kwenye mji wenye majeraha kama ule. Lakini Beu walinijua. Walikuwa wameniona nikitembea na dada na kile kitenge. Walianza kuniita Honorable, yaani Mheshimiwa, kabla sijachaguliwa, nusu kwa mzaha, na wanawake wa soko wakaniambia niache maneno marefu, niseme tu kwamba sitawasahau. Nikasema. Nikachaguliwa.

Sasa cheka. Nilichaguliwa kwenye bunge lisilokaa. Jimbo letu lilikuwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa hali ya hatari, gavana ni mwanajeshi, meya ni polisi, na bunge la jimbo limefungwa mlango. Baadaye Goma ikaangukia mikononi mwa waasi, na serikali ya jimbo ikahamia Beni na mafaili yake, ikawa mji wetu una wakubwa kila kona, wengine wanafanya kazi vyumbani mwa hoteli. Mbunge asiye na bunge anabaki na nini? Anabaki na jina, na benchi mbele ya nyumba. Kila asubuhi benchi langu lilijaa: mtoto amekamatwa, kiwanja kimeuzwa mara mbili, mwalimu hajalipwa. Niliandika, nilipiga simu, nilitoka, nilirudi. Nilikuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Dada alikuwa haji kukaa kwenye benchi lile. Alikuwa na swali lake, na alikwisha ona kwamba cheo kinapanda lakini jibu haliji.

Mwaka huu binti yake mkubwa akapata mchumba, mwalimu kijana, mtu wa Lubero, mtoto wa wakulima kama sisi. Wazazi wa kijana wakaleta habari zao vizuri, wakatayarisha mbuzi. Kwetu mahari ni mbuzi, hata kama siku hizi mengine yote yamebadilika, na mbuzi hao hupokewa na baba wa binti. Baba akiwa amekufa, kaka yake anapokea badala yake. Baba akiwa safarini, mnamngoja arudi.

Unaona tatizo. Katekista akipokea mbuzi, amesema mdogo wake amekufa. Akikataa, amemnyima binti ndoa. Kwa hiyo hakupokea wala hakukataa. Kwanza alisema mvua ni nyingi. Kisha ikawa Kwaresima. Kisha barabara ina wasiwasi, kana kwamba imewahi kukosa wasiwasi. Upande wa kijana walianza kunung'unika, na binti akawa hali vizuri. Ndipo dada akanipigia simu, neno moja tu, “Kuya”, njoo, na akakata.

Nilifika Beu asubuhi. Nilimwambia dereva asizime gari, kwa sababu kulikuwa na kikao na watu wa gavana na nilikuwa nimeahidi kufika. Uani kulikuwa na viti vya kuazima, kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye jerikani, ndizi za makemba zikichemka, na mbuzi wamefungwa kwenye ukingo wa ua wakitafuna majani ya jirani. Watu wa kijana walikaa upande mmoja. Katekista na ndugu zake upande mwingine, wakijifanya hawajaniona. Dada alikuwa karibu na jiko, anamenya makemba mengine ambayo hayakuhitajika.

Msemaji wa upande wa kijana alikuwa mtu wa adabu. Alishukuru, akasalimu kila mtu kwa heshima yake, kisha akauliza lililomleta. Mbuzi wako hapa. Nani atawapokea?

Katekista akakohoa. Akasema, huku anatazama magoti yake, kwamba binti ana baba, na kwamba ingefaa angojewe mwenyewe. Watu wa kijana wakatazamana. Binti, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani.

Nikasimama. Hiyo ni kazi yangu, kusimama watu wanapokwama. Nilianza vizuri: ndugu wapendwa, tunajua sote hali ya usalama katika eneo letu, serikali inafanya kila liwezekanalo, na sisi kama familia tunapaswa kuwa na subira. Nilikuwa nimekwisha shika mwendo wangu dada alipoweka kisu chini.

“Honorable, hapana,” akasema. “Siko nauliza Honorable.”

Alipangusa mikono kwenye kitenge, akaja katikati ya ua, akakaa chini juu ya udongo, miguu imenyooka mbele yake. Sijawahi kumwona akikaa hivyo mbele ya wageni. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuuliza bei ya chumvi:

“Mi nimechoka kuvaa nguo ya mutu mwenye iko nangoja mugeni. Kama mutu moya wa hapa anasema bwana yangu alikufa, mi nitalia. Kama hakuna mutu, mbuzi zirudie, mutoto wangu akae na mi.”

Mzee mmoja alianza kusali kwa midomo. Simu yangu ilitetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Kule kwenye kikao walikuwa wameanza. Nje dereva alikanyaga mafuta kidogo, injini ikanguruma, kunikumbusha. Na mimi nilikuwa bado nimesimama, na nilijua kila mtu pale uani anafikiri nini: huyu sasa ataomba samahani, atashika mkono wa watu wawili watatu, ataingia garini. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi mno. Hata dada alikuwa amekwisha geuza uso pembeni ili asinione nikitoka.

Niliogopa. Nilikuwa nimesema maneno mengi maishani mwangu, mbele ya majaji, mbele ya vijana wenye mawe mikononi, mbele ya majenerali, na sikumbuki kuogopa neno kama nilivyoogopa lile. Hukumu ya korti niliiomba kwa lugha ya watu wengine. Hii ilikuwa ni ya kwetu, na aliyekuwa mbele yangu ni mwanamke aliyenibeba mgongoni. Niliona mikono ya shemeji, na lile koti la kuazima likimbana mabegani.

“Shemeki yangu alikufa,” nikasema. “Alikufa ku shamba yake, ku Mbau. Hatarudia. Mi njo nimesema.”

Katekista akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu siku ile ya hukumu.

“Na kama atarudia?”

“Kama atarudia, aniulize mi.”

Katekista akavua kofia, akaiweka juu ya goti, na machozi yakaanza kumtoka mzee yule pasipo sauti. Nafikiri alikuwa amengoja miaka yote hii mtu amtue mzigo ule, na nilimsamehe hapo hapo, kitu ambacho sikukitazamia.

Dada hakulia mara moja. Alivuta pumzi, akaivuta tena, kana kwamba amesahau inavyofanywa. Kisha kilio kikatoka, kile kilio cha siku ya kwanza ambacho wanawake wa kwetu hutoa habari inapofika mlangoni, kirefu, kinachopanda mpaka kinapasuka. Binti yake akatoka ndani mbio akaanguka kando yake. Msemaji wa upande wa kijana, mtu wa adabu, akanyanyuka bila kuambiwa akawapeleka mbuzi nyuma ya nyumba, maana hapo hapakuwa tena mahali pa mahari. Nikakaa chini, juu ya udongo, na suti yangu, nikamshika dada mabega. Sikusikia gari lilipoondoka.

Beu wanajua kilio kile. Kinaposikika mtu huacha sufuria motoni. Walikuja kutoka pande zote, wanawake wakijifunga vitenge wanapokimbia, wanaume wakiwa na panga mikononi kwa kudhani wauaji wameingia mjini, na jirani mmoja mama mwenye umri mkubwa akafika wa kwanza, anahema, akapiga magoti mbele ya dada.

“Mama, nani amekufa?”

“Bwana yangu,” dada akasema.

“Yesu wangu. Lini?”

Dada akanitazama, uso wote umelowa, kisha akamgeukia yule jirani.

“Leo,” akasema. “Amekufa leo.”